Amplifaya ya Baba Samwel

Mkono ukiulalia unakufa ganzi. Unauona kwamba ni wako, lakini ukiugusa ni kama umegusa kitu cha mtu mwingine. Mimi nilikuwa hivyo mwili mzima tangu mume wangu Osea, ambaye nilimwita Baba Samwel maisha yetu yote, alipofariki mvua za kwanza zilipoanza.

Sikulia kaburini. Watu walisema nitalia tukirudi nyumbani. Tuliporudi walisema nitalia wageni wakiondoka. Wageni waliondoka, nikafagia uwanja. Sikuwa nimejikaza. Kilio hakikuja, basi.

Ila niliona mambo niliyotendewa, hayo hayakunipita. Kuna mtu alirekebisha komeo la choo wakati wa msiba na mpaka leo hajajitaja. Jirani yangu Manase alikuja kila asubuhi kuwafungulia mbuzi, kama vile ni kazi yake tangu zamani. Na wifi yangu Miriamu, dada yake Baba Samwel aliyelelewa na kuolewa Ivuna, alikuja na kiroba kizima cha chumvi yao ya huko ya kuchemsha, ili wapishi wa msiba wasihangaike. Wageni walipotawanyika yeye hakuondoka. Alitandika mkeka pembeni yangu. Niliposhindwa kula alimega ugali kwa mkono wake na kuniambia, "Fungua mdomo, wifi," nami nikafungua kama mtoto. Alininawisha miguu. Mimi nina wajukuu, lakini wifi yangu alininawisha miguu.

Sasa nieleze habari ya amplifaya, maana ndiyo iliyoleta haya mengine.

Baba Samwel aliinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa bendi moja iliyokuwa inavunjika, Samwel akiwa bado hajazaliwa. Ni sanduku jeusi, zito, spika imo humohumo, na juu lina matundu ya kutolea joto. Halikuwa la zile taa za kioo za zamani zaidi. Lilikuwa la transista, na yeye alilisifia kwamba halingoji kupata moto, ukiliwasha linaongea. Alilitumia kuipigia gitaa kwaya ya usharika wetu kwa miaka yote. Mwishoni, vidole vilipoanza kukakamaa, alimfundisha mjukuu wetu Atupele, binti wa Samwel, anayeishi nami tangu alipomaliza shule. Wazee wawili watatu walilalamika kwamba gitaa si la msichana. Baba Samwel akawaambia waje wapige wao. Hawakuja.

Baada ya mazishi kwaya ilipumzika. Ilipoanza tena mazoezi, mvua zikiwa bado nzito, Atupele alichomeka gitaa pale nyumbani ili ajikumbushe. Nilisikia mlio mmoja kama mlango uliobamizwa, halafu harufu ya kuungua, halafu kimya. Nilikuwa nimeketi barazani. Sikuinuka.

Samwel ana duka la vifaa vya ujenzi Vwawa. Alifika kesho yake. Ni mtoto wetu wa pekee wa kiume na si mtu mbaya, ila maneno yake humtoka kabla hajayapima. Alisimama mbele ya lile sanduku muda mrefu, kisha akamwambia binti yake kwamba amefungulia sauti mpaka mwisho kama yuko disko, na kwamba kitu kilichodumu mikononi mwa babu yake kimemfia yeye mikononi kabla hata kaburi halijakauka. Atupele aliangalia chini. Alisema tu, "Ndiyo, baba. Nisamehe." Wifi Miriamu alikuwa jikoni ananichemshia uji.

Samwel alilichukua gitaa akaenda kulifungia kabatini kwake Vwawa. Alisema siku ya kuweka msalaba kaburini atawaleta vijana wa kinanda kutoka mjini, na Atupele atakaa na wapishi amenye viazi. Wifi alirudi Ivuna baada ya hapo, mahindi ya kuchoma yalipotoka.

Miezi ikapita. Tukavuna. Siku ya msalaba ilipokaribia niliona kwamba Atupele haimbi tena. Zamani aliimba akipepeta, aliimba hata akisuuza sufuria. Sasa alifanya kazi zote vizuri na mdomo umefungwa. Mimi mwenyewe sikutaka kusikia chochote, lakini nilitaka mtoto arudishiwe gitaa lake na akae mahali pake siku ile, pale babu yake alipomweka. Nikafikiri: sanduku likipona, Samwel atakosa sababu.

Manase ana kirikuu, gari dogo la kubebea mahindi. Nilimwomba anifikishe kwa fundi aliyeko mji mdogo wa Mpemba, njia ya kwenda Tunduma. Hakuuliza maswali. Alivua koti lake akalitandika chini ya sanduku lisikwaruzike, na asubuhi ile kulikuwa na baridi.

Fundi anaitwa Venance. Kibanda chake kiko kando ya barabara kuu, ambako malori hupanga foleni ya kwenda mpakani. Anatengeneza vyombo vya makanisa na vya baa, na kwa kuzoea wateja wa Zambia kila mama mzee anamwita bamayo. Aliliangalia sanduku la Baba Samwel akavua kofia.

"Bamayo, hili limenizidi umri," alisema. "Ngoja niliamkie kwanza." Akaliinamia. "Shikamoo."

Nilijua ni kichekesho. Midomo yangu ilifanya kile inachotakiwa kufanya.

Alinipa kiti chake, yeye akakalia kreti la soda. Nilimwambia nitakaa mpaka amalize. Alipoona namtazama mikono akaanza kunieleza kila anachofanya, na hilo nalo nililiona ni wema, kwa sababu mafundi wengi hukugeuzia mgongo.

Kwanza alitoa fyuzi. Ilikuwa nyeusi. Alisema mwingine angeweka fyuzi mpya na kuwasha, akaunguza mara ya pili, ila fyuzi haiungui bila kisa. Kisha akaachanisha nyaya za spika na kuzigusisha kwenye betri ndogo ya tochi. Karatasi ya spika ikaruka, tuk. Akagusisha tena, tuk. "Koo ni zima," alisema. "Ugonjwa uko tumboni."

Baadaye alichukua balbu ya kawaida, kama ya sebuleni, akaiunga kwenye waya ili umeme upite kwenye balbu kwanza ndipo uingie kwenye amplifaya. Alinieleza kwamba kama ndani hakuna tatizo, balbu itawaka kidogo kisha ififie. Kama kuna mahali umeme unakatiza pasipo njia, balbu itawaka yote, na hapo balbu ndiyo itakayokula ule umeme badala ya kifaa kuungua. Akawasha. Balbu ikawaka ikamulika kibanda kizima.

"Umeona mwenyewe," alisema, akazima.

Alifungua vitu viwili vya chuma vilivyofungwa kwa skrubu mgongoni mwa sanduku, bapa kama vifuniko, akasema hizo ndizo transista za kusukuma sauti. Alizipima kwa mita yake. Moja ilikuwa imekufa. Alipoitoa na kuwasha tena, balbu ilififia vizuri. Nilidhani kazi imeisha. Yeye akawa hajaridhika. Alisema transista ya namna hii haifi kwa kupenda, anataka kujua nani kaiua.

Akainua kile kibao chenye vidude vingi, akawasha tochi, akamulika. Halafu akaniita niangalie. Kwenye kona moja, chini kabisa ya yale matundu ya juu, kulikuwa na ukoko mweupe, na shaba iliyokuwa karibu nao imekuwa kijani. Venance alikwangua kidogo kwa ukucha akaweka ulimini.

"Chumvi," alisema. "Bamayo, mnaishi Ivuna?"

Nikamwambia tunaishi Mbozi.

"Basi Ivuna imewafuata."

Alinieleza kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme. Yamedondokea pale kidogokidogo, yakaunganisha miguu miwili isiyotakiwa kuunganishwa, na transista ikalazimishwa kubeba mzigo usio wake. Nilimuuliza kama mtu angeweza kuiua kwa kufungulia sauti sana. Alitikisa kichwa. "Hata angeiwasha kwa sauti ya mbu, ingekufa siku ileile."

Kisha akachomoa kwa kibanio kidogo nyuzi za bluu zilizonasa kwenye matundu. Alisema kuna mtu alijaribu kufuta. Alifuta juu vizuri, ila chini hakuweza kuona.

Hapo nikakumbuka yote kwa pamoja, nikiwa nimeketi vilevile. Siku ya mazishi wifi Miriamu aliingia stoo na kiroba chake. Stoo yetu ni ya udongo, na chumvi haiwekwi chini. Alitafuta mahali pakavu akaona sanduku la kaka yake. Alitandika kanga juu yake kwanza asilichubue, ndipo akapakia chumvi. Mvua zikanyesha miezi. Baadaye nilikikuta kiroba kiko juu ya kigoda, na nikapita. Tena kitambaa cha kichwa cha Atupele, cha bluu, cha kwaya, kilianikwa kwenye kamba siku ile mlio uliposikika, kimekauka kikawa kigumu kama karatasi. Hicho nacho nilikiona, nikapita.

Atupele alikuwa amejua. Alikuta pamelowa, akahamisha kiroba, akafuta, akachomeka. Na alipolaumiwa akasema ndiyo, baba.

Venance aliniuliza aliyeweka chumvi pale ni mchawi au ni mkwe. Nikamwambia ni wifi yangu, na ndiye aliyenilisha msiba wote.

Aliacha mzaha. "Basi bamayo, kazi yangu ni nyepesi kuliko yako."

Alisugua kile kibao kwa mswaki na spiriti mpaka ukoko ukatoka wote, akakianika juani. Akatafuta kwenye kopo la maziwa lililojaa vyuma vya mashine zilizokufa, akapata transista mbili za namna ileile. Nilisema iliyokufa ni moja. Akasema hizi ni kama ng'ombe wa plau, ukimfunga mchovu na mwenye nguvu wote wawili wanaumia. Akazichomelea zote mbili. Alipowasha, balbu iliwaka kidogo, ikafifia. Aligusa tundu la gitaa kwa kidole na spika ikanguruma. Kitufe cha sauti kilikuwa kinakwaruza, akakipulizia dawa na kukizungusha huku na huku mpaka kikatulia. Kisha akaliacha sanduku likiwaka, akawa anaweka kiganja chake mgongoni mwake mara kwa mara kupima joto. Alisema mgonjwa haruhusiwi kwa sababu tu amefungua macho.

Manase alipokuja kutuchukua, lilikuwa limeshinda likiwaka bila tatizo. Venance alilibeba mwenyewe hadi kwenye gari. Aliniambia niliweke mahali pakavu, na lisikae tena karibu na mtu wa Ivuna.

Nyumbani, Atupele alisaidia kulishusha. Manase alipoondoka, nilikaa na Atupele kupukuchua maharage.

"Kumbe ni chumvi," nikamwambia.

Vidole vyake vilisimama, vikaendelea. Akauliza nani kaniambia. Nikamwambia fundi aliilamba. Akataka kucheka, akaacha.

Nilimuuliza kwa nini alikubali mbele ya baba yake. Alichagua maharage mabovu akayatupia kuku.

"Bibi Miriamu alikuwa anakulisha kwa mkono," alisema. "Ningesemaje mimi, kwamba mkono huohuo ndio umeua kitu cha babu? Na wewe ulikuwa huli kwa mtu mwingine."

Nilichukua ungo wake nikapepeta mimi. Akaniomba nisimwambie baba yake, maana akijua atasema, na akisema atasema vibaya. Sikuahidi. Nikamwambia tu kwamba hamenyi viazi siku ya msalaba.

Siku moja kabla ya msalaba, Samwel alikuja mchana na gari lililobeba saruji na msalaba wenyewe. Wifi Miriamu alikuwa amefika asubuhi. Tulisalimiana, akanishika mashavu akasema nimenenepa kidogo, uongo mtupu. Yeye alikuwa jikoni na wanawake.

Nilimwita Samwel sebuleni, nikamwonyesha amplifaya, nikamwambia imepona. Alipiga magoti akaishika kama anavyoshika mtoto mwenye homa. Nikamwambia akalete gitaa, mtoto wake apige kesho. Akasema hapana. Alisema amefurahi limepona, lakini aliyeharibu mara moja hakabidhiwi mara ya pili, na vijana wa kinanda wameshakubaliana naye.

"Atupele hakuiharibu," nikasema.

"Mama, alikiri mwenyewe."

"Alikiri. Na hakuiharibu. Fundi amenionyesha kilichoiharibu, nimekiona kwa macho yangu. Sitakitaja. Nakuomba uniamini tu."

Samwel alicheka kidogo, si kwa dharau. Alisema mimi ni bibi, na bibi hukingia wajukuu, angekuwepo baba naye angemkingia. Alisema kama kuna mwingine, atajwe. Kama hatajwi, basi hayupo. Atupele alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani na beseni la viazi, ameanza kumenya tayari.

Nyuma yake alikuwepo wifi Miriamu. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alipita, akaja mpaka kwenye sanduku, akapapasa juu yake. Rangi ya pale juu ilikuwa imevimba vipele vidogovidogo. Alivipitishia kidole, kisha akanusa kidole. Huyu ni mwanamke aliyekulia kwenye mapipa ya chumvi.

"Wifi," alisema bila kunigeukia, "hili umelijua lini?"

"Juzi."

"Na huyu mtoto?"

Atupele aliweka beseni chini.

Alivuta kiti akaketi mbele ya Samwel, magoti yao yakakaribiana. Alisema polepole, "Nachemsha chumvi tangu sijavunja ungo, Samwel. Hakuna asiyejua kwamba masika chumvi inatoa jasho. Mtoto mdogo wa Ivuna anajua. Mimi niliipakia juu ya kitu cha kaka yangu, kwa sababu siku ile sikuwa na akili, nilikuwa na msiba. Huyu binti yako hajaharibu kitu. Amenifichia. Sasa kama una maneno, niambie mimi."

Kwetu shangazi ni baba. Samwel hawezi kumwambia neno lile alilomwambia binti yake, hata angetaka. Alimwangalia shangazi yake, akaangalia sanduku, akaangalia sakafu. Aliinuka akatoka. Tulisikia mlango wa gari, tukasikia gari linaondoka. Wifi alisema, "Amekasirika," akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkono uleule, nikaushika tu.

Jua lilikuwa bado halijazama Samwel aliporudi. Alikuwa na gitaa, bila hata mfuko wake, na mbegu za nyasi zimeganda kwenye suruali yake, kwa hiyo alisimama mahali njiani. Aliwaambia wanawake kwamba vijana wa kinanda hawaji, amewapigia simu. Kisha akaenda uani alikokuwa Atupele akamkabidhi gitaa kwa mikono miwili.

"Nilikukosea, mama yangu," alimwambia.

Atupele alipangusa mikono yake ya viazi kwenye sketi, akapokea. Alisema, "Asante, baba." Samwel akaendelea kusimama, hajui aweke wapi mikono, mpaka wifi Miriamu akamwita amsaidie kutoa sanduku barazani. Walilibeba wawili, shangazi akimwelekeza kila hatua, yeye akitii.

Watu walikusanyika kidogo. Atupele alikaza nyuzi, akawasha, akapiga pambio la kwaya lile la kuingilia. Sauti ilitoka kubwa, ikagonga ukuta wa nyumba na kurudi. Kwa miezi yote ile sauti zilikuwa zinanifikia kutoka mbali, kama redio ya jirani. Hii haikutoka mbali. Iliniingia masikioni ikauma, ikashuka mpaka kifuani, na pale napo ikauma.

"Punguza, mjukuu wangu," nikasema. "Inaniumiza."

Wote waligeuka kunitazama, kama vile nimesema jambo kubwa. Wifi ndiye aliyecheka kwanza, akacheka mpaka akalia. Atupele alinyoosha mkono akazungusha kitufe kidogo sana, na bado ilikuwa kubwa. Sikumwambia tena. Nilijikunja kwenye kiti changu, nikaiacha iume.